Gitaa la Kuendana na Tai

Mpiga besi wa kwaya yetu, hapa Nyamirambo, kanunua gitaa la bei nafuu. Bei haina ubaya. Ila kalichagua kwa rangi: jekundu, liendane na tai. Shingo hakuichungulia, nayo imepinda kama njia ya kupanda Mlima Kigali. Mwaka 1951 mtengeneza magitaa Leo Fender alitoa besi ya Precision yenye vichuma shingoni, kidole kisikosee noti. Wetu, vichuma anavyo, noti anazitafuta mpaka "Amina".

Nyuzi nne, zote kutu ya jasho. Masika yote gitaa limeegemea ukuta unaovuja. Nikamgusia kitambaa cha kufutia nyuzi.

"Kaka, Mungu anaangalia moyo."

Kitambaa anacho, kumbe. Cha viatu.