Usiombe Gemu Iletwe Linux, Ipitishe Njia ya Panya

Umeshaweka Linux kwenye kompyuta yako. Labda ni ile mashine ya ofisini iliyouzwa kwa bei ya kutupa, labda Microsoft walipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025 uliona heri uhame kuliko kununua kompyuta mpya. Hongera. Mashine inawaka upesi, na sasa hamu ya gemu imekushika. Wenzako wako Fortnite, wako Valorant, wako kwenye FC ya mwaka huu, wewe umebaki mtazamaji.

Sogea nikunong'oneze. Gemu nyingi unazozililia zinaingia Linux leo hii bila aliyezitengeneza kuombwa wala kushirikishwa. Chache hazipiti, na hizo nazo zina namna ya kuziacha bila kujiaibisha. Fuata hatua hizi.

Kwanza: chana ile orodha

Kila anayehamia Linux huanza kwa kuorodhesha gemu anazotaka ziletwe. Orodha hizo zimeandikwa tangu miaka ya 1990, na kuna kampuni iliyowahi kuzichukulia kwa uzito. Loki Software ilianzishwa California mwaka 1998, ikaingia mikataba na wenye gemu, ikazihamisha moja baada ya nyingine: Civilization: Call to Power, Heroes of Might and Magic III, SimCity 3000, Quake III Arena. Kazi ilikuwa safi. Januari 2002 ikafunga milango.

Waombaji walikuwa wengi, wanunuzi wachache. Wengi walikuwa na Windows kwenye diski moja na Linux, na gemu ikitoka leo mtu hutaka kuicheza leo, awahi kuwasimulia wenzake. Toleo la Linux lilipofika baadaye, mwenyewe alishaimaliza. Usimlaumu, nawe ungefanya hivyohivyo. Lakini elewa kwamba ombi halimgharimu mwombaji hata senti, ndiyo maana mtengenezaji haliweki kwenye hesabu zake.

Tena hata ukipewa, unaweza kunyang'anywa. Rocket League ilikuwa na toleo lake la Linux. Mwaka 2019 kampuni ya Epic ikainunua kampuni iliyoitengeneza, Psyonix, na Machi 2020 toleo hilo likasitishwa. Wajanja walihamia toleo la Windows na kuendelea kucheza humohumo ndani ya Linux, kwa njia ninayokupa sasa.

Pili: idanganye gemu

Hapa ndipo penye utamu, kwa hiyo tutakaa.

Gemu ya Windows haijui iko kwenye mashine ya namna gani. Inatoa maagizo tu: nifungulie faili hili, nichoree umbo hili, niambie mchezaji kabonyeza nini. Ikijibiwa inavyotarajia, inaridhika. Tangu mwaka 1993 kuna programu iitwayo Wine ambayo kazi yake ni kuyapokea maagizo hayo na kuyapitisha kwa Linux, gemu ikiamini kwamba inazungumza na Windows. Kilichosumbua kwa miaka mingi ni michoro. Maagizo ya Direct3D, lugha ya michoro ya Microsoft, yalichelewa kugeuzwa, na picha ikawa inakwendakwenda na kusimama. Ndipo Mjerumani mmoja, Philip Rebohle, akatamani kucheza Nier: Automata kwenye Linux. Hakuandika ombi. Aliandika DXVK, programu inayogeuza Direct3D kuwa Vulkan, lugha nyingine ya michoro, ambayo kadi za picha za kisasa zinaielewa kwenye Linux vilevile. Kampuni ya Valve ikamchukua afanye kazi hiyo kwa malipo, na Agosti 2018 ikaunganisha Wine, DXVK na vikorombwezo vingine, ikaviita Proton, ikaviweka ndani ya Steam, duka lake la gemu. Hamu ya mtu mmoja ya gemu moja imetuletea maelfu ya gemu.

Sasa kazi yako. Sakinisha Steam. Kwenye Settings ingia Compatibility; ukikuta swichi ya Steam Play, kipengele kinachotumia Proton, hakikisha imewashwa kwa gemu zote. Rudi kwenye gemu yako, bonyeza Install, halafu kunja mikono.

Ikishamaliza na ukaifungua mara moja, nenda ukachungulie folda iitwayo compatdata. Ndani yake kuna folda yenye namba ya gemu yako, ndani ya hiyo kuna pfx, ndani ya pfx kuna drive_c, na ndani ya drive_c utakuta folda ya windows, utakuta Program Files, utakuta hata mtumiaji wa kubuni anayeitwa steamuser, mwenye Documents zake. Windows ya bandia imejengwa kwa ajili ya gemu hiyo peke yake, na kila gemu hupewa ya kwake. Faida yake ni kubwa: gemu moja ikivurugika haiambukizi nyingine. Ifute folda ya iliyovurugika, fungua gemu tena, itajengewa mpya. Ila kabla ya kufuta, nakili kwanza ulipofikia kwenye mchezo, kwa sababu mara nyingi kumbukumbu hizo zinakaa humo kwa huyo steamuser.

Gemu ikigoma, bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya jina lake, ingia Properties, kisha Compatibility, uchague Proton Experimental. Ikigoma tena, jaribu GE-Proton, toleo linalotengenezwa nje ya Valve na ambalo mara nyingi huponya zile gemu zinazokwama kwenye vipande vya video.

Kama kompyuta yako ni kongwe, yenye picha za Intel ya kizazi cha 4 au chini yake, DXVK ya sasa haitaifaa kwa sababu inadai Vulkan ya karibuni. Kwenye Launch Options za gemu andika PROTON_USE_WINED3D=1 %command% na gemu itapita kwenye OpenGL badala ya Vulkan. Itakwenda polepole, lakini gemu za zamani zitachezeka.

Na bando je? Hili nalijali kuliko yote, maana ndilo linalowarudisha wengi nyuma huku kwetu. Steam ina tabia ya kushusha faili za shader zilizoandaliwa mapema ili picha isikwame, na kwa gemu kubwa faili hizo zinaweza kufika gigabaiti kadhaa, kisha zinakuja tena gemu ikisasishwa. Ingia Settings, Downloads, uzime Shader Pre-Caching. Utavumilia kukwamakwama kwa dakika za mwanzo, bando lako litapona. Halafu tafuta rafiki mwenye gemu hiyohiyo. Tangu mwaka 2023 Steam inaruhusu kompyuta mbili zilizo kwenye mtandao mmoja wa ndani kupeana mafaili ya gemu, hata kama moja ni ya Windows na nyingine ya Linux. Lazima gemu uwe umeinunua, na mwenzako awe ameruhusu kwenye mipangilio yake, lakini gigabaiti zote zile zinahama kutoka mezani kwake kuja kwako bila kugusa bando.

Tatu: peleleza, kisha jaribu kwa fedha inayorudi

Kabla hujalipa, soma tovuti ya ProtonDB. Humo wachezaji huandika gemu gani imekubali, kwenye kadi gani, kwa toleo gani la Proton. Soma ripoti za miezi ya karibuni, za mwaka juzi ziache. Kisha nunua na ujaribu siku hiyohiyo: Steam hurudisha fedha ukiomba ndani ya siku 14, mradi hujacheza zaidi ya saa 2. Saa 2 zinatosha kabisa kujua gemu inakutaka au haikutaki.

Na chagua gemu ya kwanza itakayokutoa kimasomaso, kwa sababu rafiki yako wa Windows atakuja kuchungulia. Mashine ikiwa dhaifu, chukua Stardew Valley au Euro Truck Simulator 2, ambazo zina matoleo yake halisi ya Linux. Ikiwa na misuli, mwonyeshe Elden Ring. Ilipotoka Februari 2022, wachezaji wa Windows walilalamika kwamba picha inakwama. Valve wakapunguza tatizo hilo kwa upande wa Proton ndani ya siku chache, mwenye gemu akiwa bado anashughulikia la kwake. Simulizi hiyo iweke mfukoni.

Nne: zijue zisizodanganyika, uziache kwa heshima

Fortnite. Valorant. League of Legends. FC za karibuni. Apex Legends. GTA Online. Ndizo za juu kabisa kwenye kila orodha ya maombi, na ndizo zilizofungwa.

Sababu ni programu za kuzuia udanganyifu. Vanguard ya kampuni ya Riot, inayolinda Valorant, huanza kazi tangu kompyuta inapowaka na hukaa ndani ya kerneli, yaani kiini cha Windows, kama mgambo anayedai funguo za chumba chako cha kulala kabla hujaingia uwanjani. Linux haina kerneli hiyo, na Proton haina cha kumwonyesha. League of Legends ilichezwa kwa Wine miaka mingi, hadi Vanguard ilipoingia mwaka 2024. Mwaka huohuo, mwezi Septemba, GTA Online ikawekewa programu nyingine ya namna hiyo, BattlEye, ikafunga mlango, ingawa ile hadithi ya GTA V unaweza kuicheza peke yako mpaka mwisho. Oktoba ikafuata Apex Legends, EA, wenye gemu hiyo, wakisema Linux imekuwa maficho ya wadanganyifu.

Linaloniuma ni kwamba ufundi upo. Tangu mwaka 2021 BattlEye na mwenzake Easy Anti-Cheat zote mbili zinaweza kufanya kazi na Proton, mwenye gemu akikubali kuiwasha. Easy Anti-Cheat ni mali ya Epic, na Fortnite ni ya Epic, na bosi wao Tim Sweeney amesema hadharani kwamba hawaileti. Hapo hakuna kinachosubiri fundi. Ni uamuzi wa mwenye mali, na unaweza kubadilika siku akiona wateja wa kutosha.

Kwa hiyo usilazimishe. Bungie wametamka wazi kwamba anayejaribu kukwepa ulinzi wa Destiny 2 atafungiwa akaunti, na akaunti ya miaka mingi si ya kuchezea kamari. Njia ya panya ni ya kumpita asiyekuwepo. Ukimkuta mwenye shamba amesimama na rungu, geuka.

Ukiulizwa, usijibu kwamba Linux imeshindwa. Sema: sitaki programu ya kampuni ya gemu ikae kwenye kerneli ya mashine yenye nyaraka zangu. Ni jibu la kweli na linakupa hadhi. Kisha mwalike Counter-Strike 2 badala ya Valorant, Dota 2 badala ya League. Zote mbili ni za bure na zina matoleo halisi ya Linux, na humo ndimo utakamomtandika.

Tano: wazee nao wapo

Gemu za utotoni hazihitaji hata Proton. Desemba 1997 id Software waliachia msimbo wa Doom, na tangu hapo Doom imewashwa kwenye kila kitu chenye kioo. OpenTTD, OpenRA na OpenMW ni injini zilizoandikwa upya na wapenzi kwa ajili ya Transport Tycoon Deluxe, Command & Conquer na Morrowind. OpenMW itakudai mafaili ya gemu yenyewe, kwa hiyo itafute nakala halali.

Sita: lipa mahali panapohesabiwa

Hapa ndipo maombi yako ya zamani yanapopata meno. Mei 2010 Humble Indie Bundle iliuza kifurushi cha gemu na kumwachia mnunuzi apange bei mwenyewe. Wa Linux walilipa kwa wastani zaidi ya wa Windows na zaidi ya wa Mac, na watengenezaji wadogo wakashtuka. Valve nao wameeleza kwamba gemu ya Windows ikinunuliwa na kuchezwa Linux kwa Proton, huhesabiwa mauzo ya Linux. Basi nunua ukiwa Linux, cheza ukiwa Linux, na Steam ikikuomba ushiriki kwenye takwimu za mashine, kubali. Mwaka 2018 tulikuwa chini ya asilimia 1 ya wanaohesabiwa humo. Mwishoni mwa 2025 tulivuka asilimia 3.

Halafu lalamika kifundi. Mtengenezaji wa ΔV: Rings of Saturn alieleza mwaka 2021 kwamba wachezaji wa Linux walikuwa asilimia 5.8 ya wanunuzi wake lakini walileta zaidi ya asilimia 38 ya ripoti za hitilafu. Kati ya ripoti zao takriban 400, ni 3 tu zilizohusu Linux yenyewe. Nyingine zilikuwa hitilafu za kila mchezaji, ila hawa ndio waliojua kuzieleza. Alishukuru. Mteja wa namna hiyo hakosi kusikilizwa.

Kwa hiyo leo usiku chagua gemu moja, uipitishe. Ikikubali au ikigoma, rudi ProtonDB uandike kadi yako, toleo la Proton na mahali ilipokwama. Mwenzako mwenye kompyuta kama yako anaisubiri ripoti hiyo.