Namna ya Kushinda Ubishi wa Mutuka Bila Kusoma Chochote

Umejisajili jana kwenye Wikipedia ya Kiswahili, umeitafuta makala ya kata yenu, umeikuta, umeudhika. Una haki. Mutuka, kata ya Mji wa Babati mkoani Manyara, imeandikwa kama zilivyoandikwa kata nyingi za Tanzania: jina, mji, mkoa, idadi ya watu kwa mujibu wa sensa, basi. Chini yake kuna tangazo kwamba makala bado ni mbegu, na anayejua zaidi anaombwa aongezee. Ombi hilo ndilo lililotuletea wewe. Fuata mwongozo huu, na kabla ya Ijumaa wakabidhi wote, yaani wasimamizi wa Wikipedia, watakuwa wanakufahamu kwa jina.

Anza na sifa. Andika kwamba Mutuka ndiyo kata nzuri kuliko zote za Babati, ina watu wakarimu na vijana wachapakazi, na kwamba Bagara na Singe hazifui dafu mbele yake. Usiweke tanbihi, hizo ni za watu wasiojiamini. Pale wanapotaka muhtasari wa ulichobadilisha, paache patupu. Hifadhi, kanywe chai. Ukirudi ukakuta sentensi yako haipo, ujue kuna njama. Haiwezekani mtu ambaye hajauona hata Mlima Kwaraa kwa mbali afute kazi yako kwa sababu ndogo kama kukosa chanzo.

Fungua historia ya ukurasa. Utaiona namba nyekundu yenye alama ya kutoa mbele yake, ndiyo maneno yako hayo yaliyokwenda na maji. Pembeni yake aliyefuta ameandika kwa nini amefuta. Usisome. Tengua. Akirudisha, tengua tena. Wenzetu wa Wikipedia ya Kiingereza wamejiwekea kanuni kwamba anayetengua zaidi ya mara tatu kwenye ukurasa mmoja ndani ya saa 24 anaweza kufungiwa asihariri. Wewe uko kwenye ya Kiswahili, hayo hayakuhusu. Na kama yanakuhusu, mkabidhi atakayekufungia atakujulisha.

Hatua iliyofuata hapa ilikuwa nzuri sana, lakini kuna mtu ameitengua.

Tuendelee. Mapema au baadaye utaburutwa hadi ukurasa wa majadiliano. Huko silaha yako ni moja: "Mimi nimezaliwa huku." Itumie kila aya, kwa herufi kubwa. Tuseme mtu ameandika kwamba Babati ilikuwa Mkoa wa Arusha, na kitabu cha zamani ameshakitaja. Mwambie hajui lolote, Babati ni Manyara, tena ndiyo makao makuu ya mkoa, mtoto wa darasa la tatu analijua hilo. Akikueleza kwa upole kwamba Mkoa wa Manyara ulimegwa kutoka Arusha mwaka 2002, na kwamba Wilaya ya Babati nayo ilimegwa kutoka Hanang mwaka 1985, usitetereke. Ubaya wa maelezo ya namna hiyo ni kwamba yanawafanya wote wawili muwe sahihi, na hapo raha ya ubishi inakwisha. Ukilegea kidogo tu mtajikuta mmeandika pamoja kwamba hadi mwaka 2002 eneo hilo lilikuwa sehemu ya Mkoa wa Arusha. Sentensi moja, chanzo chini yake, na hakuna aliyeshindwa. Siku yako itakuwa imepotea.

Hatari hiyo hiyo iko kwenye majina ya makabila. Wagorowa, Wafiomi; Wairaqw, Wambulu. Hapa kuna ubishi wa miezi, na si wa kipuuzi, maana mtu na jina la watu wake hawatanii. Lakini Wikipedia imeuharibu kwa kitu kinachoitwa elekezo: makala inakaa kwenye jina moja, anayetafuta kwa jina la pili anapelekwa hapo hapo, na mstari wa kwanza unayataja yote mawili. Ukiona mtu anapendekeza elekezo, badili mada upesi.

Hoja zikikuishia, omba kura. Waite binamu zako wafungue akaunti, waje usiku mmoja waandike "naunga mkono", wote watano wakikosea "kwaio" kwa namna ile ile na wote wakisahau kutia sahihi kwa vile viwimbi vinne. Hawatakugundua. Bahati mbaya watakwambia kwamba maafikiano hayahesabiwi kwa vichwa, hupimwa kwa uzito wa hoja na vyanzo. Mmoja mwenye ripoti ya sensa mkononi anaweza kuwashinda binamu watano. Lalamika kwamba huo ni udikteta.

Ajabu ni kwamba hapa nyumbani kutafuta maafikiano si jambo geni. Nyerere, alipokuwa akiitetea demokrasia ya Kiafrika miaka ya mwanzo ya uhuru, alipenda kutoa mfano wa wazee chini ya mti, wanaozungumza mpaka wakubaliane. Tofauti ni kwamba chini ya mti jua linazama, njaa inauma, ng'ombe wanarudi zizini, na mzee mwenye maneno mengi anaonekana kwa macho kwamba amechoka. Kwenye intaneti hakuna anayerudi nyumbani. Ndiyo maana mwaka 2013 wahariri wa Wikipedia ya Kiingereza waliweza kufikisha maneno zaidi ya 40,000 wakibishana kama neno moja katika jina la filamu ya Star Trek Into Darkness lianze kwa herufi kubwa au ndogo. Ukijiona umezidisha kuhusu Mutuka, jipe moyo kwa hilo.

Sina budi kukuonya pia dhidi ya mtu mmoja hatari kuliko wote: yule mhariri wa siku nyingi anayekukaribisha kwenye ukurasa wako, anayedhani una nia njema hata ulipoitukana Bagara, anayeichukua ile sentensi yako ya sifa na kukuuliza, "Ndugu, kuna gazeti au ripoti yoyote inayotaja kilimo au shule za Mutuka? Nikusaidie kuiweka." Mtu wa namna hiyo hana faida kwa mpenda ugomvi. Dakika kumi naye, na umekuwa mchangiaji.

Kama umeshindwa kuufuata mwongozo huu, basi. Nenda ofisi ya kata au ya halmashauri, tafuta chapisho la sensa ya 2022, tafuta gazeti lililoitaja Mutuka kwa jambo la maana. Ongeza sentensi moja yenye tanbihi na uandike muhtasari. Ukibishiwa, jibu mara moja kwenye ukurasa wa majadiliano, tia sahihi, kisha kalale.