Vigelegele kwa Dhamana Iliyokwisha

Kwa Kiswahili kimesifiwa karibu kila kitu: mnazi, jembe, kahawa chungu, hata timu iliyoshuka daraja. Ajabu ni kwamba hakuna aliyemkumbuka mtumishi mmoja mnyenyekevu anayelala ndani ya boksi la simu, chini ya waya wa chaja, amekunjwa mara nne, na maandishi yake siafu angehitaji miwani kuyasoma. Namzungumzia cheti cha dhamana, na hasa dhamana iliyokwisha. Ile iliyo hai haina haja ya sifa zangu. Ina muhuri, ina tabasamu la muuzaji. Iliyokwisha ndiyo yatima. Watu huitaja kwa kusonya, ilhali kazi inayoifanya ni kubwa kuliko ya mahakama nyingi. Wataniambia naivisha kilemba cha ukoka. Wanisikilize kwanza.

Tuanze na jina. Dhamana ni ahadi ya mwenye duka, na ni neno hilohilo la mahakamani, mtuhumiwa anapoachiwa arudi nyumbani huku kesi ikingoja. Wengine madukani husema waranti, ambayo polisi nao wanaijua kwa maana ya hati ya kumkamata mtu. Lugha haikubahatisha. Simu unayotoka nayo dukani imeachiwa kwa dhamana ya miezi 12, na kila asubuhi inaripoti kituoni kwa kuwaka. Tofauti na mahakamani ni moja tu: miezi ikitimia, mtuhumiwa anafutiwa mashitaka kabla hayajasomwa, na gharama za kesi anabebeshwa mlalamikaji.

Angalia uwezo wake ulivyo. Ujana hatujui unakoma siku gani, masika huwahi mwaka huu na kuchelewa mwaka ujao, lakini dhamana ina tarehe. Simu ileile, yenye ubovu uleule, ikipelekwa Jumatatu inapokewa kwa kiti na fomu ya kujaza. Ikipelekwa Alhamisi, kijana wa kaunta anageuza boksi, anasoma namba ya simu hiyo kidole kikifuata tarakimu, anabonyeza kompyuta, kisha anatamka kwa sauti ya mtu anayetoa pole ya msiba: “Dada, hii imeisha juzi.” “Juzi si juzi tu, kaka yangu?” “Sistimu ndiyo inakataa, dada. Siyo mimi.” Hapo mazungumzo yamekwisha, na hakuna aliyegombana na mwenzake. Kwa siku tatu tu kasoro ya kiwandani imegeuka kuwa bahati mbaya ya mtu binafsi, na hakuna hata skrubu moja ndani ya simu iliyobadilika.

Wapo wanaodhani kwamba simu kufa muda mfupi baada ya mwaka ni mkosi. Huko ni kuinyima dhamana heshima ya hesabu. Betri za lithiamu huchoka kwa mizunguko ya chaji, na watengenezaji wanaijua idadi. Kwa simu zake zilizotangulia iPhone 15, Apple yenyewe ilitaja mizunguko 500 kamili kabla uwezo wa betri haujashuka hadi asilimia 80. Anayemaliza mzunguko mmoja kwa siku anafika huko baada ya mwaka mmoja na miezi minne na ushee. Dhamana ya miezi 12 imekwishaondoka, kama mgeni mwenye adabu anayeaga kabla vyombo havijaanza kuoshwa. Vyeti vingine huipa betri na chaja miezi 6 tu, kwa hiyo mgeni huyo anaondoka hata chai haijamiminwa. Sisemi kuna mtu kiwandani ameshika saa, kemia inamtosha. Ila kuna waliovuka kiasi. Mwishoni mwa 2017 Apple ilikiri kwamba programu yake ilikuwa ikipunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka. Mwaka 2018 mamlaka ya ushindani ya Italia ikaitoza euro milioni 10, na Samsung milioni 5, kwa kusukuma masasisho yaliyolemaza simu za zamani, na katika shauri la Samsung ikagusa pia gharama kubwa za matengenezo kwa wenye simu ambazo dhamana yake ilishapita. Ufaransa ikafuata 2020 kwa faini ya euro milioni 25 dhidi ya Apple. Hakuna aliyeadhibiwa kwa sababu betri imezeeka. Waliadhibiwa kwa kuwaficha wenye simu kilichokuwa kikiendelea ndani ya mali yao, au kwa kuwasukuma wakubali wasichokijua.

Hapo ndipo anaposimama mpingaji wangu wa kwanza, mtu wa sheria, akiwa na kitabu mkononi. Anasema dhamana si chanzo cha haki ya mnunuzi. Ni nyongeza tu ya hiari. Haki yenyewe iko kwenye Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214 ya sheria za Tanzania, yenye dada yake Kenya, zote mbili zikiwa zimefyatuliwa kwenye tofali la Kiingereza la mwaka 1893. Humo mnaambiwa kwamba anayenunua kwa mtu mwenye biashara ya bidhaa za aina hiyo anastahili kupata kitu chenye ubora wa kuuzika, hata kama neno hilo halikutamkwa wala kuandikwa. Sheria haikusema ubora huo unakufa baada ya miezi 12. Na muda wa kufungua madai ya mkataba, Tanzania na Kenya, ni miaka sita. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya 2003, ile iliyoizaa Tume ya Ushindani, FCC, nayo ina sehemu nzima ya masharti yanayohesabiwa kuwamo kwenye mkataba wa mlaji hata wahusika wakikaa kimya. Yote hayo ni kweli. Nami namshukuru mpingaji, maana amenisaidia kusifu. Hebu pimeni: upande mmoja Bunge, mahakama, tume na miaka sita, upande wa pili kadi yenye ukubwa wa kiganja. Nani hushinda kaunta? Kadi hushinda kila siku, tena bila wakili. Haijaifuta sheria hata nukta. Inachofanya ni kumfanya mnunuzi aamini kwamba alichopewa na duka ndicho alichonacho chote, na akishaamini hivyo anajirudisha nyumbani mwenyewe. Ndiyo maana sioni chombo kingine cha utawala kinachofanya kazi kwa gharama ndogo namna hii.

Mwanasheria hajakubali kukaa. Anauliza: kwa nini basi watu wasidai? Jibu analijua. Simu ni ya shilingi laki tatu. Nauli ya kwenda na kurudi, siku za kazi zinazopotea na kopi za nyaraka zinazila laki hizo polepole kama mchwa. Zaidi ya hapo, anayedai ndiye anayethibitisha kwamba ubovu ulikuwamo tangu mwanzo, na ushahidi wenyewe umelala ndani ya bodi nyembamba kuliko biskuti. Sheria ya kale ina mlango mwingine pia: inaziruhusu pande mbili kukubaliana kinyume na masharti yake, na kutokana na ufa huo ikaota ile sentensi ya chini ya risiti, mali ikiuzwa hairudishwi. Kenya waliuziba ufa huo kwa Sheria ya Kulinda Walaji ya 2012, inayobatilisha maneno ya mkataba yanayojaribu kufuta ubora uliowekwa na sheria. Tena Katiba yao ya 2010, ibara ya 46, inamhakikishia mlaji bidhaa zenye ubora unaostahili. Ukipita kwenye maduka ya simu ya Luthuli Avenue, Nairobi, hata hivyo, kadi bado ina afya njema. Afya hiyo imeharibika kabisa Norwei. Huko Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2007 kwamba simu ya mkononi ni kitu cha kudumu muda mrefu kuliko miaka miwili, kwa hiyo mnunuzi anaweza kulalamikia kasoro kwa miaka mitano. Na Umoja wa Ulaya, tangu Juni 2025, unadai betri ya simu mpya ibaki na asilimia 80 baada ya mizunguko 800, na vipuri vipatikane kwa miaka saba baada ya modeli kuacha kuuzwa. Maskini Wanorwe! Hawaijui ladha ya kukimbia na simu tarehe 28 kwa sababu dhamana inakata roho tarehe 30.

Mpingaji wa pili ni mfanyabiashara, na huyu nitamheshimu kwa sababu ana hoja nzito kuliko anavyodhaniwa. Anasema watu huangusha simu chooni kisha huja wakiapa kwa jina la Mungu kwamba ilizima yenyewe. Hutumia chaja za mia tano zilizonunuliwa kwenye foleni. Naye wa Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, hakutengeneza simu; kaipata kwa mwagizaji, mwagizaji kaipata ng’ambo, na mteja akirudishiwa pesa hakuna wa kumrudishia yeye. Kweli tupu. Lakini hoja hiyo inahusu ajali, haihusu tarehe. Ndani ya simu nyingi kuna kijikaratasi cheupe kinachogeuka chekundu kikiguswa na maji. Fundi akifungua atakiona, iwe mwezi wa tatu au wa kumi na tano. Kioo kilichopondeka kinaonekana kwa macho. Kama kinachotafutwa ni haki kati ya kasoro na uzembe, dawa yake ni kufungua na kuangalia. Tarehe inakuokoa na shida hiyo ya kuangalia, na ndiyo sifa yake kuu: inatoa hukumu bila kugusa bisibisi.

Kutoka kaunta, mfiwa huvuka barabara hadi kwa fundi simu, mrithi halali wa dhamana iliyokwisha. Hapa sifa zangu hazina mzaha. Juu ya meza yenye upana wa sinia kuna bloa, risasi ya kuchomea, na kipande cha kadi ya laini iliyokufa, kinachopenyezwa ubavuni mwa kioo kukibandua kwenye gundi iliyolainishwa kwa joto. Fundi anapima, ananusa, anasema: “Hii ni sistimu chaji tu, mama, bodi nzima.” Kwa dakika chache amefanya uchunguzi ambao duka lilisema hauwezekani, na ushahidi ambao mwanasheria aliuona mgumu kuupata uko wazi chini ya taa yake. Bahati mbaya hakuna anayemwandikisha. Spea atakayoweka huenda ni kopi, au imeng’olewa kwenye simu nyingine marehemu, na dhamana yake mwenyewe ni fupi kuliko zote: ijaribu hapahapa, ukitoka mlangoni hatujuani.

Kuna wanaosema duka haliwezi kuifuatilia simu miaka yote. Hilo linanichekesha kidogo. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilizizima simu bandia nchini kwa kutumia namba ya IMEI yenye tarakimu 15, simu moja moja, popote zilipokuwa. Simu za mkopo, zile za kulipa kidogo kidogo kila siku, nazo hujifunga zenyewe siku malipo yakichelewa. Kwa hiyo mashine inaitambua simu vizuri sana inapodaiwa. Inapodai yenyewe, ndipo sistimu inakataa.

Na dhamana ina mshirika ambaye nusura nimsahau: risiti. Ile ya EFD, mashine ya risiti za kodi, huchapwa kwa joto kwenye karatasi laini, na kwa joto hilohilo huiaga dunia. Iweke kwenye pochi, iache kwenye dashibodi ya gari, na kabla mwaka haujageuka tarehe inapauka, kisha jina la duka, kisha bei, mpaka unabaki na kikaratasi cheupe pee mbele ya sheria inayokupa miaka sita. Nimeambiwa kuna watu wasio na adabu ambao huitoa kopi, au huipiga picha na kuituma kwenye barua pepe yao siku ileile ya kununua, pamoja na namba ya IMEI, halafu mwezi wa kumi na nne wanamwandikia mwenye duka kwa utulivu wakiitaja Sura ya 214, nakala kwa FCC. Watu wa namna hiyo sina sifa za kuwapa; wanaharibu kazi ya mtu.