Ramani ya Mashangazi

Mtoto wa miaka mitano ukimwambia mnakwenda Ufaransa, anauliza kama huko kuna aiskrimu, na mambo yamekwisha. Wa miaka kumi na saba haulizi kitu, maana haendi. Kazi iko kwa hawa wa katikati, ambao hawabebeki wala hawaachiki. Mimi ninao wawili: binti wa miaka 12 na mdogo wake wa kiume wa miaka 10. Tangu mama yao atandaze ramani ya Ufaransa juu ya meza ya chakula hapa Antwerp, nyumba imegeuka bunge, na mlipa mafuta ndiye mwenye kura nyepesi kuliko wote.

Tunakwenda likizo ya Pasaka, msimu ambao wenyeji wanauita wa kuchipua na mimi nauita wa kutojielewa. Asubuhi koti, mchana jua, jioni mvua ya pembeni inayoupuuza mwavuli. Nchi nayo ndiyo kwanza inafungua milango. Bustani ya Monet kule Giverny inafunguliwa tarehe 1 Aprili, na mabwawa mengi ya nje katika nyumba za kupanga bado yamefunikwa turubai. Nikiwatazama wanangu naona Aprili hiyo hiyo: asubuhi mtoto anataka kukumbatiwa, ukirudi mchana mlango wa chumba umefungwa na ndani hakujibiwi hodi.

Binti anataka Paris. Si kwa kuiona, kwa kuonekana nayo. Keshachagua pa kusimama ili mnara wa Eiffel utokee vizuri begani kwake. Nikamwambia mpaka ghorofa ya pili kuna ngazi 674, mazoezi mazuri. Akanijibu, "Kwani Baba, nani kasema tunapanda?" Nikahamia makumbusho ya Louvre, nikamweleza kwamba walio chini ya miaka 18 wanaingia bure. Akakubali, kwa upole ambao ungepaswa kunitia shaka, halafu akasema siku yetu ya Paris iwe Jumanne. Louvre hufungwa Jumanne. Alijua.

Mdogo wake anataka Disneyland, na ikishindikana, daraja la Millau. Hilo la pili nililipenda, mpaka nilipogundua sababu. Daraja lile, kutoka bondeni hadi ncha ya juu ya nguzo zake, lina mita 343. Mnara wa Eiffel una mita 330. Basi mita 13 hizo ndizo zilizovunja amani ya nyumba hii. Kila dada mtu akitaja Paris, anatajiwa Millau. Na kutoka hapa hadi Millau ni karibu kilomita 1,000 kwenda tu, kwa barabara inayopita juu ya mita 1,000 toka usawa wa bahari. Sheria inayodai matairi ya theluji milimani huisha tarehe 31 Machi. Theluji yenyewe, nijuavyo mimi, haisomi sheria. Tukifika salama, daraja lina urefu wa kilomita mbili na nusu, tutakuwa tumelivuka wao wakiwa bado wanagombania dirisha.

Nikajaribu kuwapatanisha na pango la Lascaux. Niliona lina kila kitu: picha za ng'ombe na farasi zilizochorwa maelfu ya miaka iliyopita, tena waliozigundua mwaka 1940 walikuwa vijana tu. Walisikiliza vizuri hadi nilipofika mwaka 1963, pango lilipofungwa kwa sababu pumzi za wageni zilikuwa zinaziharibu picha, na tangu hapo watu wakajengewa mfano wake wa kuingia.

"Kwa hiyo Baba," akasema mdogo, "tunaendesha siku nzima kwenda kuangalia fotokopi?"

Nimelala na swali hilo, nimeamka nalo.

Lakini hao ni upinzani tu. Serikali ni mama yao. Yeye amezaliwa Lubumbashi, na Ufaransa anayoijua haina makumbusho wala madaraja, ina ndugu. Lille kuna kaka, Orléans kuna shangazi, Toulouse kuna shangazi mwingine. Kamkwepe shangazi uone! Na kumsalimu shangazi si kugonga mlango na kuondoka. Ni ugali, sombe, samaki, habari za kila marehemu, na kulala. Karibu na Orléans kuna jumba la Chambord, lenye ngazi mbili zinazozungukana, anayepanda asikutane na anayeshuka. Nyumba yenye watoto wa umri huu inahitaji ngazi hizo kuliko mfalme yeyote. Hatutaziona. Tutakuwa kwenye sombe.

Nikampigia mama yangu kule Tanga, nikitumaini kuungwa mkono.

"Mnakwenda kwa nani?" akauliza.

"Hatuendi kwa mtu, mama. Tunatembea."

"Kuna msiba?"

"Hakuna."

"Harusi?"

"Hakuna, mama."

Akanyamaza kidogo. "Hebu nipe mkamwana wangu." Kufumba na kufumbua, wawili hao walikuwa wamekwisha kubaliana kuhusu shangazi wa Orléans, ambaye mama hajapata kumwona hata kwenye picha.

Ombi langu mimi lilikuwa moja tu: Mont Saint-Michel, kile kilima chenye abasia juu yake, katikati ya mchanga wa bahari. Sisi wa Pwani tumekua tukihesabu maji. Kwetu Tanga bamvua likiwa kubwa, kati ya kupwa na kujaa ni mita tatu hadi nne, na tunajiona tuna bahari. Pale hufika karibu mita 14, na makubwa kabisa huja majira haya haya, kuanzia Machi. Maji yakijaa sawasawa, kilima kinakuwa kisiwa kwa muda. Gari unaliacha kilomita mbili na nusu nyuma, unavuka kwa basi au kwa miguu, na watoto hawalipi kuingia abasia. Nililieleza bunge hayo yote nimesimama.

"Yaani tunakaa tunangoja maji yaje?" akauliza binti.

"Ndiyo."

"Yakishakuja?"

"Yanarudi."

Mama yao akakunja ramani. "Baba watoto, upande ule hatuna mtu."

Hapo ndipo nilipoanza kumtafuta mtu. Nimepita kwenye kundi la ukoo wake la WhatsApp, jina kwa jina, mpaka nikampata Rennes, mwendo wa saa moja kutoka kilimani: mtoto wa mama yake mdogo, muuguzi, mkarimu, anayepika. Safari ikapita bila kupingwa. Nikapanga njia nikiimba. Hata ile barabara ya Normandy isiyo na vibanda vya ushuru, ambayo kamera inakupiga picha nawe una saa 72 za kulipa kwa mtandao kabla ya faini, niliiona kama jambo la kiungwana. Nilikwisha kukubali hata jikoni za hoteli zinazofungwa saa nane mchana, wakati ambao wanangu ndio kwanza wanakumbuka kuwa hawajala.

Jana dada wa Rennes ametuma siku ambazo hana zamu. Nikafungua jedwali la maji, nikatazama na mwezi. Nusu. Maji mafu, siku zote mbili.

"Kwa hiyo maji hayaji?" akauliza mdogo.

"Yanakuja. Kidogo."

Akamtazama dada yake. Mara ya kwanza tangu ramani itandazwe, wakawa upande mmoja.

"Baba," akasema binti, "Disneyland hawaangalii mwezi."