Shemeji na Matundu Manane

Kaka wa mke wangu ni dereva wa malori ya masafa marefu. Lori la kwanza alilolinunua hapa Marekani alilizunguka mara moja, akaipiga teke tairi ya mbele, akasaini karatasi, akaondoka nalo. Mtu huyo huyo leo theluji ya Columbus inayeyuka na bado hajaweza kuchagua mashine ya kushindilia risasi. Mimi ninayelala chumba kilicho juu ya besimenti yake ndiye ninayeyasikia yote.

Kwa mlioko nyumbani, nieleze kwanza, maana nikisema "anatengeneza risasi" mtapiga simu kwa wazee wa ukoo. Hapa Ohio jambo hili ni halali, na wanaolifanya wengi wao ni wastaafu wapole wenye miwani. Risasi ukishaipiga, ganda la shaba hubaki zima. Hulitupi, kwa sababu ndilo la gharama kuliko vyote. Unaliokota, unalisafisha, unalibana lirudi kwenye umbo lake, unalitia fataki mpya kwenye kitako, unapima baruti, kisha unakandamiza kichwa juu yake. Kazi ya kubana na kukandamiza hufanywa na mashine ya chuma yenye mpini mrefu, na ndani yake huwekwa kalibu, kila hatua na kalibu yake.

Mashine zenyewe ni za aina tatu. Ipo ya tundu moja, unayofungia kalibu moja, ukimaliza hatua unaifungua, unafunga nyingine. Ipo inayojiendesha, ambayo ikishajaa, kila ukivuta mpini risasi nzima inadondoka upande wa pili. Katikati ya hizo mbili ipo tareti. Hii ina kisahani kinene cha chuma juu, kimetobolewa matundu, kila tundu limeshika kalibu yake. Ganda linabaki palepale, kisahani ndicho kinachozunguka.

Nimeifikiria sana tareti, bila kupenda, na nimefikia uamuzi kwamba iliundwa kwa ajili ya watu kama shemeji: wavivu wa kufunga na kufungua kalibu, lakini waoga wa kuiachia mashine ijiendeshe. Uoga wao una sababu, hilo sikatai. Katika ile inayojiendesha mikono inakwenda mbio, na ganda dogo la bastola linaweza kupokea baruti mara mbili bila wewe kujua. Siku ya kuipiga utajua. Au linapita bila baruti kabisa, kichwa kinasukumwa na fataki peke yake na kukwama katikati ya mtutu, na ole wako ukipiga nyingine nyuma yake. Kwenye tareti unakamilisha risasi moja baada ya moja, una muda wa kuchungulia ndani ya ganda na tochi. Ndiyo maana shemeji ameshatangaza kwamba kazi ikianza hataki redio, hataki simu, hataki mtoto mlangoni. Mtu ambaye harusini anapokea simu bwana harusi akiwa anakula kiapo!

Basi, tareti. Tumekubaliana ni tareti. Ungedhani shauri limeisha.

Halikuisha, kwa sababu kuna suala la matundu. Lee, kampuni ya Hartford, Wisconsin, wana yenye matundu manne. RCBS wana ya matundu sita. (Herufi za hao RCBS zinatokana na Rock Chuck Bullet Swage, mashine ya kuundia vichwa vya risasi ambayo bwana Fred Huntington aliishughulikia huko Oroville, California, mwaka 1943. Rock chuck ni mnyama wa milimani mfano wa pimbi aliyeshiba. Kampuni nzima imebeba jina la pimbi, na hakuna anayecheka.) Redding wa Cortland, New York, wana T-7, matundu saba. Lyman, ambao wapo tangu 1878, wana ya matundu manane.

Usiku mmoja alipanda ngazi akabisha hodi.

"Shemeji, umelala?"

"Nimelala."

"Hii ya Lyman ina matundu manane."

"Risasi yako moja inataka mangapi?"

Akafikiri. "Mawili. Matatu, nikiweka na ya kumiminia baruti."

"Na hayo matano?"

"Ya akiba, shemeji."

Akiba ya nini? Tundu haliozi, wala halipandi bei. Nilimuuliza hivyo, akanijibu kwamba siku akinunua bunduki ya pili, kalibu zake zitakaa hapohapo. Sasa hiyo bunduki ya pili dada yake hana habari nayo, na naandika hapa nikijua kwamba anasoma gazeti hili.

Suala la matundu likapoa, likaja la mchezo. Walenga shabaha wanasema kichwa cha tareti kinacheza. Nguzo ya mashine inayobeba ganda inapopanda na kulisukuma ndani ya kalibu, kile kisahani kinainuka kidogo upande mmoja, kwa sababu hakikushikwa kila mahali, kinatakiwa kizunguke. Kidogo kiasi gani? Elfu chache za inchi. Elfu moja ya inchi, yaani inchi iliyogawanywa mara elfu, ni asilimia mbili na nusu ya milimita moja. Unywele wa mtu ni mnene kuliko hapo. Ukiinama kwa macho huoni kitu. Lakini kwa anayetaka bega la ganda, pale linapoanza kubanwa kuelekea shingoni, lirudishwe nyuma elfu mbili tu za inchi, hiyo ni habari ya kukosesha usingizi, na usingizi wenyewe ukawa wangu.

Akanipeleka gereji kwa rafiki yake mmoja mwenye tareti, mimi nikiwa shahidi. Wakabandika geji ya saa juu ya kisahani, shemeji akavuta mpini. Sindano ikaruka. Akanigeukia kama mtu aliyemkamata mwizi.

"Umeona? Inacheza!"

"Vuta tena," nikamwambia.

Akavuta. Sindano ikaruka, ikasimama palepale iliposimama mwanzo. Akavuta na kuvuta, kila mara mstari uleule. Hapo ndipo ulipo ukweli wote wa mashine hizi, na mwenye gereji, mzee wa maneno machache, ndiye aliyeutamka: kikicheza vilevile kila siku, hicho si kisirani, ni kipimo. Unarekebisha kalibu yako ganda likiwa ndani na mpini umeshuka, yaani kisahani kikiwa kimeshainuka, kisha unaikaza. Basi. Risasi zote zitatoka ndugu wa tumbo moja. Kinachoharibu ni kile kinachocheza leo hivi, kesho vile.

Nikajua tumemaliza. Njiani kurudi akaanza habari ya fimbo.

Ile ya Lee ina fimbo iliyosokotwa inayopita katikati. Kila ukivuta mpini, fimbo inakisogeza kisahani tundu moja mbele. Vuta mara nne, risasi moja. Ndilo jambo linaloipa sifa. Lakini wanaotafuta usahihi hawafanyi risasi moja mpaka mwisho. Wanabana maganda yote kwanza, wanayapima urefu, wanayakata yaliyozidi, wanayatia fataki, baruti wanaipima kwenye mizani punje kwa punje, na vichwa vinakuja mwisho. Kwa hiyo fimbo inawasumbua, wanaing'oa.

"Ngoja nielewe," nikasema. "Unanunua mashine inayozunguka yenyewe, halafu unatoa kinachoizungusha."

"Ndiyo."

"Si ununue ya tundu moja?"

"Sasa hapo kalibu utakuwa unafungua na kufunga!"

Nilinyamaza, na ili nisionekane mchoyo wa haki, nakiri kwamba hapo ana hoja. Kalibu iliyokwisha rekebishwa na kuachwa mahali pake ni raha ya kweli. Lakini hoja hiyo inatoshelezwa na matundu manne.

Mnaniuliza faida. Hesabu ya shemeji ni kwamba pakiti ya risasi 20 za shabaha za dukani inapita dola 30, na yeye akijifanyia mwenyewe itashuka sana. Kwenye hesabu hiyo hakuna mashine, hakuna kalibu, hakuna mizani, hakuna ile ada ya mzigo wa hatari wanayotoza kukupelekea baruti na fataki nyumbani. Na hakuna magunzi. Naam, magunzi ya mahindi. Yamesagwa, yametiwa kwenye mfuko wenye picha nzuri, na ameyanunua kwa dola ili yazunguke ndani ya pipa na kung'arisha maganda. Mimi nimekulia Kilosa. Nimekanyaga magunzi, nimepikia magunzi, nimepigwa na magunzi. Nilipouona ule mfuko nilitoka nje kwenye baridi bila koti.

Meza nayo imekuwa kesi. Mashine hizi hutaka meza nzito iliyofungwa ukutani, kwa sababu meza ikinesa, habari ya elfu mbili za inchi isahau. Shemeji akaipigia hesabu meza ya chakula. Dada yake alisema hapana moja, haikuhitaji ya pili. Na alikuwa sahihi kuliko alivyojua: masizi ya fataki na vumbi la lile pipa vina madini ya risasi, sumu hasa kwa watoto, na mwenye kazi hiyo hapaswi kula mezani pake wala kugusa mtoto kabla ya kunawa. Sasa besimenti ina kufuli, na jambo hilo peke yake limenipa nafuu.

Lililobaki ni hili. Bunduki yake ni ya 6.5 Creedmoor, risasi iliyotolewa na Hornady mwaka 2007, nyembamba shingoni, tamu kwa masafa. Sheria ya Ohio hairuhusu kuwinda kulungu kwa risasi ya shingo namna hiyo. Bunduki za kulungu hapa lazima ziwe za maganda yaliyonyooka. Kwa hiyo adui wa shemeji ni karatasi. Na kwenye yadi 500, upepo wa maili kumi kwa saa ukikata kwa ubavu unaisogeza risasi hiyo zaidi ya futi moja. Futi! Mtu amekesha miezi kwa elfu mbili za inchi, halafu atafika uwanjani, bendera zinapepea mbele ya macho yake, hatazitazama, atapiga, atakosa, atarudi nyumbani kusema kisahani kimecheza.

Basi kama na wewe una shemeji wa aina hii, nunueni ya matundu manne, ifungeni kwenye meza isiyonesa, na chenji nunulieni mizani nzuri ya baruti. Matundu manane mwachieni mwenye bunduki nne, na ambaye mkewe anajua kwamba ni nne.