Kompyuta ya Tumpe

Kwetu kata ya Bagamoyo, hapa Tukuyu, kompyuta mpakato mpya hununuliwa na ukoo. Hii ya binti yetu Tumpe, mama yake alitoa pesa ya ndizi, mdogo wangu wa Kyimbila akaongeza malipo ya chai. Ikafika ndani ya boksi, plastiki ingali kwenye kioo, na muuzaji wa Mbeya alikuwa ameapa kwamba mwanafunzi inamtosha kabisa.

Kazi ya kwanza ilikuwa maombi ya mkopo wa chuo kwa Bodi ya Mikopo. Tumpe akafungua fomu, barua pepe na vyeti vya PDF. Mama yake naye akaomba atazamiwe jedwali la hesabu za VICOBA, kikundi chao cha kuweka akiba na kukopeshana. Hapo mashine ikaganda. Mshale ukageuka kiduara, kiduara kikazunguka mpaka ugali ukapoa mezani. Bibi akauliza kama umeme umekatika. Mdogo wangu, kwa simu, akasema ni mtandao. Lakini simu zetu zilikuwa zinacheza video palepale bila shida.

Tumpe akabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ikafunguka. Memori: asilimia 94. Akazima, akawasha upya, akatazama tena. Hajafungua hata programu moja, na Windows 11 yenyewe imeshakula zaidi ya nusu ya memori ya mashine, ambayo ni GB 4 tu. Memori ikijaa, mfumo huanza kuhamishia mambo kwenye hifadhi, na hifadhi ya mashine nyingi za bei ya chini ni eMMC, aina iliyo nzito kwa kazi hiyo. Kiduara kilitoka huko.

Kinachoniuma ni kwamba kwenye karatasi hakuna kosa. Windows 11 ilipotoka mwaka 2021, Microsoft iliandika GB 4 kuwa kiwango cha chini. Kiwango hicho ni cha mfumo kuwaka. Kufanya kazi ni habari nyingine, maana kwenye kivinjari cha leo kila ukurasa unaofunguliwa unadai memori yake. Mzazi anayeuza mikungu ya ndizi anastahili kuambiwa haya kabla hajatoa pesa.

"Baba Tumpe, si tumwongezee memori?" mke wangu akasema. Fundi wa karibu na stendi akaifungua, akatuonyesha kwa ncha ya bisibisi: vipande vyeusi vya memori vimechomelewa kwenye bodi, hakuna nafasi ya kuchomeka kingine. "Mama, hii haiongezeki." Akashauri ya mtumba yenye GB 8. Ni ushauri mzuri, ila mashine za zamani zina mtego: prosesa nyingi za Intel za kabla ya kizazi cha 8 hazimo katika orodha ya Windows 11, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Maombi Tumpe aliyamaliza kwa kufungua ukurasa mmoja, kufunga, kufungua mwingine. Mama yake amelipeleka jambo hili kwenye kikao cha VICOBA: anayemnunulia mwanawe asitoe shilingi mpaka mashine iwashwe mbele yake, kivinjari na Word vifunguliwe pamoja, kisha abonyeze zile batani tatu kwa mkono wake.