Sifa za Chambo Kibovu

Wengine husifu ng'ombe wa gredi anayejaza debe, wengine mbunge aliyefikisha lami hadi langoni kwake. Mimi nimechagua kusifu chambo bandia kilichoharibika: kijiko cha bati kilichopauka, kisamaki cha plastiki kinacholalia ubavu majini, nzi wa manyoya aliyenyonyoka, ndoana ya meno matatu iliyobakiwa na mawili, moja kati yake butu. Kuanzia vijito vya trauti juu ya Chogoria hadi mabwawa ya Tana kule Mbeere, sijui mtumishi anayetukanwa kuliko huyu.

Tumpime kwanza kwa tabia. Chambo kipya ni tapeli wa kulipwa. Kimeletwa duniani kimwambie samaki kwamba chuma ni chakula, na kinalisema hilo kwa rangi za kupendeza, mchana kutwa, bila aibu. Kibovu kimeacha kazi hiyo. Samaki hukitazama, hukipita, huenda kula wadudu wake halali. Tunao waheshimiwa wangapi walioacha ulaghai wakiwa bado kazini?

Wala tusisahau kwamba kinaheshimu mila. Trauti si mwenyeji wa huku. Ewart Grogan ndiye aliyeleta mayai yake kutoka Loch Leven, Uskoti, mwaka 1905, yakatiwa katika mto Gura kule Aberdare, na baadaye samaki hao wakasambazwa hadi mito ya Mlima Kenya. Wakati huo wazee wengi wa Embu na Meru hawakuwa na habari na samaki kama chakula. Nyama ilikuwa ya mbuzi na ng'ombe, basi. Mzungu aliposimama ukingoni mwa Thuchi akirusha uzi tangu asubuhi na kurudi mikono mitupu, ni chambo chake peke yake kilichokuwa kimewasikiliza wazee. Hata serikali ilipochimbisha mabwawa ya samaki katika maeneo bunge mengi, mwaka 2009 na 2010, na tilapia wakaanza kuzoeleka mezani, kibovu hakikubadili msimamo.

Lakini sifa yake kuu ni ya ukoo. Mfini Lauri Rapala aliona ziwani kwamba samaki wakubwa humwacha mdogo anayeogelea vizuri, wakamvamia yule anayeyumba. Mwaka 1936 akachonga kisamaki cha gome jepesi, akakivisha karatasi ya kung'aa ya chokoleti, akakipaka negativu za picha alizoziyeyusha, na hakuridhika mpaka kilipochechemea sawasawa. Yaani kampuni inayojulikana dunia nzima ilijengwa juu ya kasoro, tena kwa takataka. Ndipo nashangaa nikimwona mvuvi wa bwawa la Masinga akikitupa kisamaki chake kwa sababu kinayumba.

Kinachomsumbua huyo si kuyumba, ni kuyumba kupita kiasi, na dawa yake ni plaisi. Kikikimbilia kulia, kile kijicho cha mbele kinachofungiwa uzi hupindwa kushoto, kidogo tu, kisha kinajaribiwa majini. Kikikimbilia kushoto, kinyume chake. Mwenye haraka hukipinda mara moja kwa nguvu, kikang'oka, na hapo ndipo gluu inapoingia. Kijiko kilichopauka hupigwa msasa na kurudishiwa wekundu kwa rangi ya kucha, iliyoazimwa kwa mwenyewe au la. Ndoana butu huamshwa kwa tupa, tupa ikielekea nchani. Nzi aliyenyonyoka huvuliwa nyuzi zote kwa wembe mpaka abaki chuma kitupu, kisha hufungwa upya: sufu ya sweta kuukuu kwa tumbo, manyoya ya shingo ya jogoo kwa miguu. Nchi hii imewauzia Wazungu nzi wa aina hiyo kwa miongo mingi, hivyo ufundi si wa kuagiza ng'ambo. Jogoo peke yake ndiye mwenye malalamiko.

Kigumba kikivunjika, kile kijino kinachomzuia samaki asichomoke, usikililie. Wavuvi wa starehe wa Ulaya na Marekani hukibana kwa makusudi ili wamwachilie samaki bila kumrarua mdomo, wakaitwa wahifadhi. Chambo chetu kilikuwa mhifadhi zamani, bila semina wala posho ya kuhudhuria.

Na chambo kilichokataa kabisa kutengenezwa? Bamba lake likining'inizwa kwa uzi shambani Tharaka, mtama ukikaribia kukomaa, hung'aa na kugeuka kwa kila upepo, na ndege hulifikiria mara mbili. Hawakai mbali siku zote, lakini hata mtoto wa kurusha mawe huchoka. Ndoana ya meno matatu, butu vilevile, ikifungwa kwenye kamba ndefu, huopoa ndoo iliyodumbukia kisimani. Naomba mnionyeshe chambo kipya kilichowahi kuleta nyumbani kitu kizito namna hiyo.

Nimeiacha huduma yake ya Masinga mwisho kwa kuwa ndiyo nzito zaidi. Bwawa hilo lilikamilika mwaka 1981, nalo lina visiki chini ya maji, na lina mamba. Chambo kipya kikinasa kisikini, mwenyewe husimama ukingoni akipiga hesabu ya bei, anavua viatu, anakunja suruali, anaingia mpaka magotini, halafu anaangalia mbele na kuona ni hatua chache tu. Chambo kibovu kikinasa, mwenyewe hukata uzi kwa meno, akatema mate, akaenda zake. Waliookolewa kwa njia hiyo hawamo katika ripoti yoyote, na chambo chenyewe, huko chini kisikini, hakijadai hata asante.